Sanamu nyeupe isiyong'aa: ni plasta au ni kauri?

Swali la msomaji:

Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, kwa sasa naishi Leicester, Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Bibi mmoja niliyemhudumia miaka minne amefariki, na watoto wake walipokuwa wanagawana vitu wakanipa sanamu moja. Ni kichwa na kifua cha mwanamke mweupe, ameinamisha uso, na chini amezungukwa na petali kama anachomoza kwenye ua. Kimo chake kinapita kidogo rula ya shule. Haing'ai kama kikombe. Nyuma pamechapwa ART UNION OF LONDON, jina C. Delpech na mwaka 1855. Mwenzangu kazini anasema ni plasta, nakala tu ya kitu cha makumbusho, haina maana. Petali moja imemeguka ncha, na chini kwenye kitako kuna doa la rangi ya kutu. Nilitaka kuiloweka kwenye dawa ya kutoa madoa, nikaona nikuulize kwanza. Ni kitu gani hiki, huyu mwanamke ni nani, na naisafishaje? Halafu mama yangu naye anasema sanamu haifai kukaa nyumbani.

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na bibi yako. Kumlisha mtu na kumgeuza kitandani miaka minne si kazi ndogo, na waliokupa sanamu hii naamini walijua wanampa nani.

Kwanza kabisa, hiyo dawa ya madoa irudishe kabatini. Nitaeleza sababu.

Jibu la haraka ni hili: kwa ulivyoieleza, hiyo si plasta. Ni kauri isiyopakwa glezi, yaani haina ule mng'ao wa kioo unaouona kwenye kikombe, na aina hiyo ya kauri huitwa pariani. Mwanamke anaitwa Clytie. Ni nakala, hapo mwenzako amesema kweli. Lakini amelisema neno "nakala" kama vile anasema "bandia", na sisi tunaoshika vitu hivi kila siku hatuyachanganyi maneno hayo mawili.

Nataka uanze na mikono yako, maandishi yaje baadaye. Maandishi yanaweza kughushiwa na mtu yeyote mwenye mhuri, lakini udongo ni mgumu kughushi. Tandika taulo nene mezani, vua pete na bangili, kisha iinue sanamu kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako na mwingine kifuani. Usiishike kichwa wala petali. Isogeze shavuni. Kauri ina ubaridi ambao hauondoki upesi, kama marumaru. Plasta haina ubaridi huo, huhisi kama ukuta uliopigwa chokaa, na ukipitisha kidole mara nyingi kinatoka na unga. Resini, ambayo ndiyo inayotengenezewa sanamu nyingi za miungu wanazouziwa watalii siku hizi (unga wa mawe uliokorogwa na gundi ya plastiki), hupata joto la mkono haraka sana, na ukiigonga kwa ukucha hutoa sauti butu. Kauri nzima isiyo na ufa hulia, hata kama ni kwa sauti ndogo.

Sasa ilaze kwenye taulo uchungulie chini. Utaona uwazi. Ingiza kidole taratibu upapase ukuta wa ndani. Ikiwa unene wake unakaribiana kila mahali na ndani kunafuata umbo la nje, penye mabega yaliyotokeza nje, ndani nako pamebonyea kuelekea nje, basi sanamu hiyo imemiminwa kwa uji wa udongo. Kisha zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu na uielekeze ndani. Penye udongo mwembamba, hasa kwenye petali, mwanga unaweza kupenya kwa rangi ya maziwa yenye joto. Plasta haifanyi hivyo. Na ukidondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana, plasta italinywa mbele ya macho yako, ila pariani itaacha tone limekaa juu.

Nikueleze inavyotengenezwa, kwa sababu ukiijua kazi utaona mengi kwenye sanamu yako ambayo hakuna maandishi yatakayokuambia. Udongo wa pariani ni mchanganyiko wa madini mawili hasa: feldspa na kaolini, na feldspa ndiyo nyingi zaidi. Kaolini ni ule udongo mweupe laini. Huku kwetu vilima vya Pugu nje ya Dar es Salaam vinao, na Waingereza wao huuchimba Cornwall. Tanurini, moto ukipita nyuzi 1100, feldspa huyeyuka ikawa kama kioo na kujaza nafasi zote kati ya chembe za kaolini. Ndiyo maana pariani haina glezi lakini si kavu kama chaki. Ina weupe wenye uhai ndani yake, kama ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi jana yake.

Kabla ya moto kuna kalibu. Juu ya mfano wa mchongaji hutengenezwa kalibu ya plasta, vipande vingi vinavyoachana kama maganda ya chungwa. Uji wa udongo humiminwa ndani, plasta hunywa maji yake, na udongo hujishika kwenye kuta. Ukifika unene unaotakiwa, uji uliobaki humwagwa. Kwa hiyo plasta ipo katika habari hii, ila yenyewe ni tumbo, si mtoto. Vipande huungwa kwa uji uleule, na mshono hukwanguliwa kwa kisu chembamba, ukapitishwa sponji mbichi. Fundi mzuri haachi kitu, lakini ukiwasha taa ya pembeni ukatazama nyuma ya sikio au ubavuni mwa shingo, mara nyingi utauona mstari mwembamba kama kovu la utotoni. Mimi nikiuona mstari huo hufurahi, maana hapo kuna mkono wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Halafu kuna kupungua. Pariani hupungua mno, hata kukaribia robo ya kimo chake. Sanamu inayoingia tanurini na sentimita 40 inaweza kutoka na 30 na ushei. Shingo yenye kichwa kizito namna ile ingekunjika kama mgomba, hivyo mafundi huiegemeza kwa vigongo vya udongo uleule, ili navyo vipungue pamoja nayo. Kupungua huku ndiko kunakotusaidia kuwanasa wezi wa kazi. Mtu akichukua sanamu iliyokwisha kuchomwa, akaitengenezea kalibu yake, atakayetoka humo atakuwa mdogo kuliko mama yake, na nywele zitakuwa zimelala, makali yamekufa. Basi pima kimo cha sanamu yako vizuri kwa futi ya fundi cherehani, ulinganishe na zile zilizouzwa minadani zikiwa na mhuri uleule. Wewe unayo macho pia: mawimbi ya nywele za Clytie yanapaswa kuwa na mitaro iliyo wazi kabisa, na kingo za petali ziwe nyembamba zenye kujikunja.

Kwa nini watu wenye glezi nzuri na rangi nzuri waliamua kuziacha? Hapa nakuomba tukae kidogo.

Wewe wa Lamu umekulia kwenye kauri. Umeona zidaka kwenye kuta za nyumba za mawe, visahani na bakuli vimepangwa humo, na neno lenyewe, kauri, ni jina la simbi wa baharini pia. Waitaliano nao walikiita chombo hiki kwa jina la simbi huyohuyo, porcellana. Kwenye pwani yetu bakuli za Kichina zilikwisha kujengewa kwenye makaburi na misikiti wakati Ulaya bado haijui zinapikwaje. Ni mwaka 1708 ndipo Johann Friedrich Böttger alipofanikiwa huko Saxony, Ujerumani, na mwaka 1710 kiwanda cha Meissen kikaanzishwa. Sanamu zao zilipakwa glezi na rangi: miungu ya Kigiriki ina mashavu mekundu na nguo za maua maua. Zinapendeza, sitasema hazipendezi. Lakini glezi ikiyeyuka hufanya kama asali. Hujaa kwenye mikunjo ya nguo na pembe za macho, na kilichochongwa kwa ncha ya sindano kinatoka kimevimba.

Wafaransa ndio waliothubutu. Mwanzoni mwa miaka ya 1750, kwenye kiwanda cha Vincennes, ambacho mwaka 1756 kilihamia Sèvres, walianza kuacha sanamu zao bila glezi. Wakaziita biskuti. Kwa ghafla nyuso zikawa na makali, na kila aliyeziona alikumbuka marumaru. Wakati ule Ulaya nzima ilikuwa inazungumzia marumaru: uchimbaji wa Herculaneum ulianza mwaka 1738, wa Pompeii mwaka 1748, na vijana wa kitajiri walikuwa wanakwenda Italia kuona mambo ya kale. Mchongaji Étienne-Maurice Falconet alisimamia sanamu za Sèvres tangu 1757 hadi alipoondoka kwenda Urusi mwaka 1766, na Kupido wake, mungu wa mapenzi, aliyeketi, kidole mdomoni, mkono mwingine unachomoa mshale kimyakimya, bado ananisimamisha kila nikikutana naye. Kule Roma, katika miaka ya 1780, Giovanni Volpato alifungua kiwanda cha kuwatengenezea wasafiri hao nakala ndogo za biskuti za sanamu maarufu za mji.

Pariani ni mjukuu wa biskuti hiyo. Ilizaliwa Stoke-on-Trent, ambako si mbali na unakoishi, mwanzoni mwa miaka ya 1840, na viwanda viwili vilivyoipeleka mbele vilikuwa cha Copeland na cha Minton. Jina lilitoka kwenye kisiwa cha Paros, Ugiriki, kilichokuwa kikitoa marumaru bora. Biskuti ya zamani ilikuwa inashika uchafu vibaya, mtu akiishika mara mbili inabaki na vidole. Pariani, kwa sababu ya feldspa, ilikuwa inasafishika. Hilo ndilo lililoiingiza kwenye nyumba za watu wa kawaida, zenye moshi wa makaa ya mawe kila jioni.

Sasa maandishi ya mgongoni. Art Union of London ilikuwa jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1837. Mwanachama alitoa gini moja kwa mwaka, yaani pauni moja na shilingi moja, na jina lake likaingia kwenye bahati nasibu ambayo zawadi zake zilikuwa picha na sanamu. Katikati ya miaka ya 1840 wakaanza kuagiza zawadi za pariani, na ya kwanza ilikuwa Narcissus, kijana aliyependa sura yake mwenyewe, kazi ya mchongaji John Gibson. Clytie wako alitengenezwa na Copeland kwa ajili yao. C. Delpech ndiye aliyempunguza, yaani aliyetoa mfano mdogo kutoka kwenye marumaru kubwa. Kupunguza kulikuwa ufundi unaojitegemea wakati ule. Mwaka 1844 Mwingereza Benjamin Cheverton alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine yenye ncha mbili: moja inapapasa juu ya sanamu kubwa, nyingine inakata umbo lilelile kwa kipimo kidogo.

Angalizo moja, na hapa watu wengi hukosea: 1855 ni mwaka wa mfano, si lazima uwe mwaka sanamu yako ilipochomwa. Kalibu ziliendelea kutumika. Tafuta neno COPELAND limezamishwa kwenye udongo. Ukikuta pia neno ENGLAND, basi hiyo imetoka kiwandani karibu na mwaka 1891 au baadaye, kwa sababu ndipo Marekani ilipoanza kudai bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe nchi zilikotoka. Na mhuri wenyewe uupapase. Uliopigwa kwenye udongo mbichi huwa na kingo zilizolainika, pengine udongo umeinuka kidogo pembeni ya herufi.

Na huyu mwanamke? Kwa hadithi za Kigiriki kama alivyozisimulia mshairi Mroma Ovid, Clytie alikuwa binti wa majini aliyempenda Jua. Jua likampenda mwingine, Leucothoe, binti wa mfalme. Clytie kwa wivu akaenda kumsengenya kwa baba yake, na baba akamzika binti akiwa hai. Jua halikumtazama Clytie tena. Akaketi chini kwenye ardhi tupu siku tisa, usiku na mchana, hali wala hanywi ila umande na machozi yake, anageuza uso tu kulifuata Jua linapopita. Mwishowe akaota mizizi, akawa ua. Mwangalie tena huyo wako alivyoinamisha kichwa. Watu wa Uingereza wa karne ya 19 walisema petali zile ni za alizeti, na nyumba nyingi ziliamini hivyo. Haiwezekani iwe alizeti, kwa sababu alizeti ni mmea wa bara la Amerika na Waroma hawakuwahi kuuona. Ua la kwenye hadithi lilifanana na urujuani mdogo.

Lakini marumaru yenyewe ina mambo zaidi. Tajiri mmoja wa Kiingereza, Charles Townley, aliinunua Naples mwaka 1772 kutoka kwa familia ya Laurenzano. Aliipenda kuliko vitu vyake vyote. Inasimuliwa kwamba ghasia zilipolipuka London mwaka 1780 na yeye akalazimika kuikimbia nyumba, aliibeba sanamu hiyo peke yake, akasema hawezi kumwacha mkewe. Hakuwa ameoa. Baada ya kifo chake, mwaka 1805, mkusanyo wake ulinunuliwa na British Museum kwa pauni 20,000, na Clytie yuko kwao mpaka leo. Wataalamu waliomchunguza wanaona hiyo si sura ya binti wa majini. Nywele zile ni mtindo wa mabibi wa Kiroma wa karne ya kwanza, na wapo wanaodhani ni Antonia, binti wa jemadari wa Kiroma Mark Antony. Jina la Clytie alibandikwa katika karne ya 18 na watu waliokuwa wamejaa hadithi za miungu vichwani.

Sasa nimwombe mwenzako wa kazini asikilize hapa. Kuna mwanamke mmoja, pengine wa ukoo mkubwa wa Roma. Mchongaji akamfanya marumaru. Miaka zaidi ya 1,700 baadaye mnunuzi akampa jina la binti aliyependa Jua. Delpech akampunguza, mafundi wa Stoke wakamtia kwenye kalibu, mtu mwenye gini moja pengine akampata kwenye bahati nasibu, na njia hiyo ndefu ikafika kwenye kabati la bibi yako. Kila hatua ni nakala ya iliyotangulia, na hakuna aliyeficha. Sanamu yako inasema waziwazi mgongoni mwake: nimepunguzwa na fulani, kwa mfano wa mwaka fulani, kwa ajili ya fulani. Bandia ni kinyume chake, ni kitu kinachodanganya kuhusu asili yake. Zipo nyingi kwenye sanamu za kauri. Alama ya kiwanda cha Meissen, panga mbili zilizopishana, imeghushiwa tangu karne ya 18. Herufi L mbili zilizofungana za Sèvres, vivyo hivyo. Herufi N yenye taji, iliyokuwa ya kiwanda cha kifalme cha Naples, ilikuja kuwekwa na viwanda vingi visivyohusiana nacho, hata leo unaikuta chini ya miungu ya rangi rangi iliyotengenezwa juzi. Nakupa mfano wa pili wa uzito wa nakala: sanamu ya mungu Apollo iitwayo Apollo wa Belvedere, iliyoko Vatican, ambayo Ulaya nzima iliisujudia kama kilele cha sanaa ya Kigiriki, yenyewe ni marumaru ya Kiroma, na wanazuoni wengi wanaona ilinakiliwa kutoka shaba ya Kigiriki iliyopotea.

Weupe nao una kisa. Wachongaji wa kale walizipaka rangi sanamu zao: midomo, nywele, pindo za nguo. Mvua, udongo na kusuguliwa ndivyo vilivyoziacha nyeupe, na Ulaya ikazikuta hivyo ikadhani ndivyo zilivyozaliwa. Sanamu ya Augusto, mtawala wa Roma, iliyofukuliwa Prima Porta karibu na Roma mwaka 1863 ilikuwa bado na mabaki ya rangi. Yule John Gibson wa Narcissus aliligundua hilo mapema, akampaka rangi hafifu Venus wake wa marumaru, yaani sanamu ya mungu wa kike wa mapenzi, na alipomwonyesha London mwaka 1862 watu waligombana. Kwa hiyo mtu akikushauri uipake Clytie wako rangi ili "ipendeze kama ya kale", mkatalie kwa adabu. Pariani ilitengenezwa iwe nyeupe, weupe ndio nia ya walioitengeneza.

Tuje kwenye usafi, na kwanza tuzungumzie hilo doa la kutu, maana ndilo linalonitia wasiwasi kuliko petali. Sanamu nyingi za kichwa za pariani zina vipande viwili, kifua na kitako cha duara, vimeshikanishwa kwa bolti ya chuma na nati inayoonekana ukiigeuza. Chuma hicho kina umri wa miaka zaidi ya mia. Unyevu ukiingia, kinashika kutu, na kutu huvimba. Nimeona vitako vilivyopasuka kama jungu kwa sababu hiyo tu, sanamu haikuanguka popote. Ndiyo maana nasema usiiloweke. Ukiitia majini, maji yanakwenda kukaa kwenye bolti pasipofikiwa na kitambaa, na dawa ya madoa yenye klorini hufanya vibaya zaidi: huiharakisha kutu, huingia kwenye nyufa, na ikikauka huacha chumvi zinazosukuma udongo kwa ndani. Sabuni za unga za kusugulia nazo hapana, huua ile hariri ya juu na hairudi. Waya wa chuma wa kusugulia sufuria huacha mistari ya kijivu inayofanana na penseli.

Fanya hivi. Futa vumbi kwanza kwa brashi laini ya rangi, mpya, kuanzia juu kushuka. Vumbi likilowa kabla ya kufutwa linageuka tope na kujaa kwenye nywele. Kisha chukua bakuli la plastiki, maji ya vuguvugu, matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Chovya pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti, ikamue, anza nyuma chini pasipoonekana. Ikitoka salama, endelea sehemu ndogo ndogo, ukifuatisha pamba nyingine yenye maji matupu. Badilisha pamba inapochafuka. Kazi ya jioni mbili au tatu, si ya dakika kumi. Usipitishe maji karibu na ncha iliyomeguka, hapo udongo umekwaruza na utashika uchafu. Iache ikauke yenyewe, mbali na hita. Rangi ya manjano iliyobaki baada ya hapo mara nyingi ni gundi ya zamani au moshi wa miaka mingi, na hiyo mwachie mhifadhi, yaani fundi wa kutunza na kukarabati vitu vya kale. Uingereza kuna taasisi ya wahifadhi iitwayo Icon, ina orodha ya mafundi waliothibitishwa, tafuta wa kauri aliye karibu nawe.

Ukiona ufa, usishtuke kabla ya kuutazama kwa lenzi. Ufa wa tanuri una kingo za mviringo na ndani ni mweupe, ulizaliwa nao na haukui. Ufa wa kuanguka una kingo kali, na mstari wake una uchafu mweusi.

Kuhusu thamani: Clytie alitengenezwa kwa wingi, na viwanda vingine vilimwiga bila kuweka jina, kwa hiyo hukupewa kitu cha kipekee duniani. Lakini wenye mhuri wa Copeland na Art Union wanatafutwa, na wakusanyaji wapo. Petali kumeguka kunapunguza bei, kuunga ovyo kunaipunguza zaidi. Ukitaka kujua bei, tazama zile zilizokwisha kuuzwa minadani, usitazame bei wanazotaja wauzaji kwenye matangazo. Na usimuuzie mtu wa kwanza atakayekuja mlangoni na pesa taslimu. Siku ukipata nafasi panda treni hadi Stoke-on-Trent, uingie Potteries Museum. Ukishazitazama pariani zao, macho yako yatajua zaidi ya nilivyoweza kuandika hapa.

La mama yako sitalijibu mimi. Ni suala la dini na la heshima ya mzazi, mzungumze, na umuulize sheikh unayemwamini. Ni kweli kwamba kwenye zidaka zetu wazee waliweka sahani na bakuli, hawakuweka sura za watu, na mama anasema kutoka kwenye mila hiyo. Mkikubaliana isikae nyumbani, isiende kwenye takataka wala isifichwe chini ya kitanda karibu na bomba la joto. Waulize watoto wa bibi kama wangependa irudi kwao, au mhifadhi akuelekeze kwa mtu atakayeitunza.

Hao watoto wa bibi waulize jambo moja zaidi. Wazee wengi wa Kiingereza wakivunja kitu hawatupi kipande, hukiweka kwenye bahasha au kopo la biskuti ndani ya droo. Ncha ya ile petali inaweza kuwa bado ipo. Ikipatikana usiigundishe mwenyewe, hizi gundi za papo kwa papo hazifunguki vizuri na huacha ukingo wa manjano. Ifunge kwenye karatasi laini, andika juu yake ni ya nini, iweke pamoja na sanamu. Na kabla hujaigusa ile nati, nipigie picha ya chini ya kitako, kwa mwanga wa dirishani, bila flashi.